Waya wa unga ukishika unyevu: kusoma dalili na kufika kwenye chanzo

Mvua zikishakolea Mbeya mwezi Desemba, na tena Juni na Julai baridi inapoibana Njombe na Makete, mafundi wa kuchomelea huwa na lalamiko moja: waya umebadilika. Jana ulikuwa unatiririka vizuri, leo mshono una matundu, cheche zinaruka hadi kifuani, na mashine haijaguswa na mtu.

Mara nyingi ni unyevu kweli. Lakini si kila mara, na hapo ndipo hasara inapoingilia. Kuna anayetupa koili ya kilo 15 kumbe nozeli (mdomo wa tochi, ule mkono wa mashine unaotoa waya) imeziba, na kuna anayeendelea kuchomelea kwa waya ulioshika maji wakati kazi iliyo mbele yake ni tela la kubebea magogo ya Sao Hill. Huyu wa pili ndiye anayenitia hofu zaidi. Ndiyo maana hapa nitakwenda dalili kwa dalili, nikitenganisha kosa la waya na kosa la mashine, gesi au chuma. Na niseme mapema jambo ninaloliamini kuhusu ukanda wetu huu: waya unaharibiwa zaidi na umande unaoshika koili inapotoka kwenye baridi kuingia kwenye joto kuliko na mvua yenyewe. Fundi anafunika mashine yake turubai wakati wa mvua, halafu asubuhi anafungua pakiti yenye koili ya baridi katikati ya karakana iliyojaa mvuke wa chai na pumzi za watu.

Kwanza ujue waya ulionao

Waya wa unga ni bomba jembamba la chuma lililojazwa fluksi, yaani unga unaolinda mshono unapochomelewa. Kata kipande kwa koleo kali, safisha ncha kwa msasa laini, uitazame juani kwa kioo cha kukuzia. Utaona ukuta wa chuma umezunguka, unga wa kijivu katikati, na kwenye waya nyingi utaona pia mahali bati la bomba lilipokunjwa likakutana. Kiungo hicho hakijachomelewa, kimebanwa tu. Hewa yenye unyevu hupenya humo polepole hadi kwenye unga, na ndani ya unga huo kuna madini yanayovuta maji.

Ipo aina nyingine ambayo kiungo chake kimechomelewa kiwandani. Unyevu hauwezi kuingia ndani yake. Kitakachoiharibu ni kutu ya juu. Dalili yake ya haraka ni rangi ya shaba. Waya wenye kiungo wazi haupakwi shaba kwa kutumbukizwa kwenye dawa, kwa sababu dawa ingeingia hadi kwenye unga. Koili ndogo za waya usiotumia gesi zinazouzwa madukani kwa kilo moja moja huwa za kiungo wazi, na rangi yake ni ya kijivu au nyeusi nyeusi. Hizo ndizo zinazotaka kutunzwa.

Kisha soma lebo, maana majina yale yana kazi. E71T-1C ni waya unaotumia gesi ya kaboni dayoksaidi, na tochi inakaa chanya. Ukiona M badala ya C, ni gesi mchanganyiko wa agoni na kaboni dayoksaidi. E71T-11 hautumii gesi, na tochi yake inakaa hasi. E71T-GS nao hautumii gesi, na umetengenezwa kwa mshono wa pasi moja tu, yaani wa kupita mara moja. Ukiurundika pasi tatu nne kwenye bamba nene ukapasuka, usiusingizie unyevu. Ukikuta H4, H8 au H16 mwishoni, hiyo ni ahadi ya kiwanda kuhusu haidrojeni: isizidi mililita 4, 8 au 16 katika kila gramu 100 za chuma cha mshono. Ahadi hiyo inahusu waya uliotunzwa. Koili iliyolala wiki mbili wazi kwenye mashine huko Tukuyu haina H8 tena, hata kama lebo yake bado inang'aa.

Dalili ya 1: matundu, na michirizi juu ya mshono

Hii ndiyo inayoleta watu wengi. Ukigonga slagi (ganda linalobaki juu ya mshono) unakuta vitundu kama vya sindano, au michirizi myembamba iliyolala juu ya mshono, ile ambayo mafundi huiita njia za minyoo. Kinachotokea ni hivi: maji yaliyo kwenye unga yakifika kwenye tao la umeme, ule mwali kati ya waya na chuma, yanavunjika kuwa haidrojeni na oksijeni. Chuma kilichoyeyuka hubeba haidrojeni nyingi, lakini kikianza kuganda hakina tena nafasi ya kuibeba. Gesi inatafuta pa kutokea. Ikiwahi, inatoka. Ikichelewa, inanaswa ndani na kuwa tundu, au inakwama chini ya slagi na kuchora mchirizi.

Tatizo ni kwamba matundu yana wazazi wengi. Kabla hujaulaumu waya, pita kwenye mambo haya, na ubadilishe kitu kimoja kila mara, la sivyo hutajua kilichoponya.

Anza na nguzo za umeme, yaani upande upi ni chanya na upi ni hasi. Mashine nyingi ndogo zinazoingia nchini hutoka dukani zikiwa zimefungwa kwa ajili ya waya wa gesi, tochi ikiwa chanya. Fundi anaweka E71T-11 bila kugeuza, na kazi nzima inakuwa matone na matundu. Fungua mlango wa mashine, tazama alama za jumlisha na toa, geuza. Ni kazi ya dakika chache, na nimeona koili nzuri zikirudishwa dukani kwa sababu hakuna aliyeifanya.

Kama unatumia gesi, fuata njia yake kuanzia mtungini. Lita 15 hadi 20 kwa dakika zinatosha kwa kazi nyingi. Ukizidisha sana, gesi inavuruga na kuvuta hewa ya nje, kwa hiyo kufungua zaidi si dawa. Kaboni dayoksaidi inapotoka mtungini hupoa sana, na asubuhi za baridi regyuleta (kifaa cha mtungini kinachopimia gesi) huganda barafu, gesi ikapungua bila wewe kujua. Ukiona ukungu mweupe umeishika regyuleta, simama. Usiikaribie na moto. Iache ipate joto yenyewe, na kama kazi ni ya kila siku nunua regyuleta yenye hita. Baada ya hapo kagua mpira kama una ufa, na nozeli kama imejaa matone. Halafu kuna upepo. Yeyote aliyechomelea nje pale Makambako anajua ninachosema: upepo mdogo tu unatosha kupeperusha gesi. Weka kizuizi cha bati au turubai kabla ya kugusa kitu kingine.

Chuma chenyewe nacho ni chanzo. Kutu hubeba maji ndani yake. Rangi, mafuta ya gia, na zinki kwenye bati la mabati hutoa gesi zao. Bamba lililolala nje usiku kucha lina umande hata kama hulioni. Pitisha kiganja asubuhi utausikia. Safisha kwa grainda upana wa vidole viwili kila upande wa mshono, na ulipashe moto hadi likauke kabisa. Zingatia hapo: mwali wa gesi unapogusa chuma cha baridi, mwanzoni unaongeza maji juu yake, kwa sababu mwali wenyewe hutoa mvuke unaoganda kwenye ubaridi. Usiishie kwenye ule weusi wa maji unaokimbia mbele ya mwali. Endelea hadi bamba liwe na joto lisiloshikika.

Halafu volti. Volti ikizidi kasi ya waya, michirizi hutokea hata kwa waya mkavu kabisa. Shusha nusu volti, chomelea, tazama. Shusha tena nusu. Michirizi ikikata, umepata jibu na waya wako hauna kosa.

Ukishapita hayo yote na matundu bado yapo, sasa uutuhumu waya. Njia ya kwanza ya kuuhoji haigharimu chochote: ongeza urefu wa waya unaochomoza kutoka kwenye tipu (kijibomba cha ncha ya tochi waya unapotokea) hadi kwenye chuma. Kama ulikuwa milimita 12, nenda 20 au 25. Kipande kinachochomoza hupata joto la umeme unaopita ndani yake, na joto hilo hufukuza sehemu ya maji kabla unga haujafika kwenye tao. Matundu yakipungua waziwazi, unyevu upo. Njia ya pili ni kuvuta na kukata tabaka za nje za koili, kisha kuchomelea na waya wa ndani zaidi. Tabaka za nje ndizo zinazokutana na hewa kwanza. Ukiona mshono umesafika baada ya tabaka chache, unyevu uliingia ukiwa mikononi mwako, baada ya kufungua. Ukiona ubovu ni uleule hadi ndani, koili ilikuja imeharibika, au bado kuna chanzo kingine hujakigusa. Jibu la uhakika ni kuweka koili mpya ya jina lilelile, iliyotoka kwenye pakiti iliyobana, bila kugusa kitufe hata kimoja.

Dalili ya 2: matone mengi, sauti ya kupasukapasuka, slagi isiyobanduka

Waya mkavu una sauti ya kukaanga iliyo sawa. Wenye unyevu hulipukalipuka, matone yanakuwa makubwa, na slagi ambayo ilikuwa ikibanduka kwa pigo moja inang'ang'ania kwenye kingo. Peke yake dalili hii ni dhaifu, kwa sababu volti ndogo na nguzo zilizogeuzwa huleta hali ileile. Ikiambatana na michirizi, na mipangilio ni ya jana, nenda moja kwa moja kwenye vipimo viwili vya waya nilivyoeleza.

Dalili ya 3: waya unakwamakwama, tipu inaungua

Hapa unyevu umefanya kazi yake kwa nje. Kutu imeshika waya, inakwaruzwa ndani ya laina (mrija unaopitisha waya hadi kwenye tochi) na kuacha unga mwekundu, waya unapita kwa mshtuko, tao linarefuka na kufupika, mwisho waya unagandia kwenye tipu. Shika waya kwa kitambaa cheupe kikavu katikati ya koili na rola (magurudumu yanayosukuma waya), vuta kidogo. Kitambaa kikitoka na wekundu, umepata.

Kosa ninaloliona mara nyingi hapo ni fundi kukaza rola ili kulazimisha waya upite. Huu ni bomba, si waya wa chuma kitupu hadi ndani. Ukiukaza unabonyea, kiungo kinafunguka, unga unamwagika kidogo kidogo ndani ya mashine, na sasa unyevu una mlango mpana zaidi wa kuingilia. Tumia rola zenye meno zilizokusudiwa waya wa unga, kaza kiasi cha waya kusogea bila kuteleza, basi. Laina iliyokwisha kushika kutu ipulizwe kwa hewa kavu ya kompresa, na ikishindikana ibadilishwe. Kompresa yako nayo ifunguliwe maji ya chini kwanza, la sivyo utapuliza maji ndani ya laina.

Kutu ikiwa kwenye tabaka la juu pekee, kata tabaka hilo na mengine kadhaa chini yake, kisha pima tena. Ikiwa imeingia hadi kwenye ukingo wa rili (gurudumu lililozungushiwa waya), katikati ya mizunguko, achana na koili hiyo. Usiipitishe kwenye msasa wala mafuta. Mafuta ni haidrojeni nyingine.

Dalili ya 4: ufa unaojitokeza kesho yake

Nakaa hapa zaidi kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia.

Mshono umetoka safi. Hauna tundu, slagi imebanduka vizuri, mteja ameridhika na kulipa. Kesho yake jioni, au keshokutwa, kuna ufa mwembamba pembeni ya mshono, mara nyingi si kwenye mshono wenyewe bali kwenye chuma kilicho jirani nao. Fundi anasema mteja amezidisha mzigo. Mteja anasema fundi ameiba waya.

Ufa wa namna hii unahitaji vitu vitatu vikutane: haidrojeni iliyobaki ndani ya chuma, chuma kilichogeuka kigumu kwa kupoa haraka, na mvutano unaokivuta. Haidrojeni ni ndogo mno, hutembea ndani ya chuma hata kikiwa kimepoa, na hujikusanya pale penye ugumu na mvutano. Inachukua saa, wakati mwingine siku. Kwa hiyo ukaguzi wa jioni ile ile ya kazi hauoni kitu. Kwa vyuma vya nguvu kubwa, kawaida ya wakaguzi ni kusubiri angalau saa 48 kabla ya kutoa neno la mwisho.

Jambo la kutisha ni kwamba unyevu unaoleta ufa huu unaweza kuwa mdogo kuliko ule unaoleta matundu. Waya unaweza kupita jaribio la macho na bado ukawa na haidrojeni ya kutosha kupasua chuma kigumu. Bati laini la milimita 3 la geti halina shida hiyo. Ni laini, linanyumbulika, mvutano ni mdogo. Lakini fikiria kazi zinazopita kwenye karakana zetu: chasisi za malori ya barabara ya TANZAM, ndoano za matela ya magogo Mafinga, mihimili ya karasha (mashine za kuponda mawe) za dhahabu Chunya, meno ya ndoo za mashine za kuchimbia. Hivyo ni vyuma vinene au vya nguvu kubwa. Kwa kazi hizo waya wenye shaka hautumiki kabisa, hata kama umeshafunguliwa na pesa imeshatoka.

Baridi yetu inaongeza kitu cha pili kati ya vile vitatu. Bamba nene lililolala nje usiku wa Julai Njombe hunyonya joto la mshono kwa kasi, na chuma kinakuwa kigumu zaidi. Pasha bamba kwanza kwa kiwango kinachotajwa kwa aina ya chuma hicho, chomelea, kisha lifunike kwa blanketi la kuzuia joto au mchanga mkavu lipoe polepole. Kupoa polepole kunaipa haidrojeni muda wa kutoka. Kumwagia maji ili mteja aondoke mapema ni kuzitengeneza nyufa kwa mkono wako.

Ukikuta ufa umeshatokea, usipitishe mshono mpya juu yake. Chimba kwa grainda hadi ufa uishe, hakikisha umeisha, pasha moto, chomelea upya kwa waya uliotoka kwenye pakiti nzima.

Unyevu uliingilia wapi?

Hewa ya joto hubeba maji mengi kuliko ya baridi. Mita moja ya ujazo ya hewa yenye nyuzi 25 inaweza kubeba hadi gramu 23 hivi za maji. Kwa nyuzi 10 ni gramu 9 tu na kitu. Hewa ya karakana yenye nyuzi 25 na unyevu wa asilimia 60 itaanza kuacha umande kwenye kitu chochote chenye joto la chini ya nyuzi 17 hivi. Koili iliyolala stoo usiku wa baridi ina nyuzi 10 au 12. Ukiifungua saa tatu asubuhi, jua limeshapanda na watu wamejaa, umande unaishika hapo hapo, na mwingine unashika katikati ya mizunguko ambako jicho halifiki.

Sasa ongeza safari. Fundi anatoka Tukuyu alfajiri kwenda Kyela kutengeneza mashine ya kukobolea mpunga. Koili imelala nyuma ya pikapu, imepoa. Anashuka hadi karibu na Ziwa Nyasa, joto na unyevu vinapanda kila kona, anafika, anachana pakiti na kuanza kazi. Kijana wake anamwambia, "Fundi, waya huu unatoka jasho." Kijana ameona sawasawa. Pakiti ingebaki imefungwa, umande ungeshika nje ya mfuko, ungekauka, na koili ingebaki salama ndani.

Kwa hiyo kanuni ni hii: koili iingie mahali pa kazi ikiwa imefungwa, ikae hapo hadi ipate joto la mahali pale, ndipo ifunguliwe. Koili ya kilo 1 inataka saa chache. Ya kilo 15 ni tofali zima la chuma, linapata joto taratibu. Ilete jioni, uifungue kesho.

Milango mingine ya unyevu haina maneno mengi. Sakafu ya saruji huvuta maji kutoka ardhini, kwa hiyo koili zikae juu ya mbao, mbali na ukuta pia. Paa la bati lisilo na dari hutoka jasho kwa ndani alfajiri na kudondosha matone, hata siku isiyo na mvua. Tazama sakafu ya stoo yako asubuhi, utaona alama. Na dukani, usikubali boksi lililolegea au kuvimba kwa maji. Mfuko wa ndani ukiwa ni ule uliovutwa hewa, uwe umeubana waya hadi umbo la mizunguko linaonekana. Ukiwa umelegea, una tundu mahali. Mwambie muuzaji kwa heshima, "Kaka, nipe mwingine," na usione haya.

Kabati la fundi wa kawaida

Si lazima uwe na stoo ya kiwanda cha chai cha Mufindi. Lengo ni kuweka unyevu wa hewa inayozunguka waya chini ya asilimia 60, na chini ya 50 ni bora. Njia nyepesi ya kufika huko ni joto kidogo. Hewa ya nyuzi 12 iliyoshiba unyevu kabisa, ukiipasha tu hadi nyuzi 25, unyevu wake wa uwiano unashuka hadi asilimia 45 hivi, bila kuondoa hata tone la maji.

Jokofu bovu linafanya kabati zuri sana: kuta zake zinatunza joto na mlango unabana. Weka balbu ya zamani ya waya, ya wati 40 au 60, chini kabisa, na kizuizi cha bati juu yake ili isiangaze koili moja kwa moja. Balbu za LED hazitoi joto la kutosha. Toboa tundu dogo chini na jingine juu, mvuke upate njia. Ndani weka kipimajoto chenye kipimo cha unyevu; vinauzwa kwa bei ndogo na vitakuambia ukweli. Nyuzi 30 hadi 40 zinatosha. Umeme ukikatika, usifungue mlango bila sababu.

Asiye na kabati atumie ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko unaobana. Koili za kilo 1 na kilo 5 zinaingia. Weka ndani silika jeli (chembe zinazovuta unyevu) ile inayobadilika rangi, na ikishageuka ikaushwe au ibadilishwe. Iliyoshiba haifanyi kitu. Mchele hauna nguvu ya kazi hii. Chumvi ndiyo usiiguse kabisa, inavuta maji na kuleta kutu.

Na jioni, koili itoke kwenye mashine. Hili ndilo gumu zaidi kulizoea, kwa sababu kila mtu amechoka. Funga ncha ya waya isijifungue, rudisha kwenye mfuko wake wa awali, toa hewa, kunja mdomo, bana, andika tarehe ya kufunguliwa kwa kalamu isiyofutika. Iliyofunguliwa kwanza itumike kwanza.

Je, waya ulioloa unaweza kukaushwa?

Wakati mwingine, na kwa masharti. Baadhi ya viwanda hutoa maelekezo ya kukausha waya wao kwenye oveni, kwa joto na saa walizozitaja, vingine vinakataza. Fuata karatasi ya waya huo na si ya jirani yake. Rili ya plastiki italegea na kupinda kwenye joto la oveni, kwa hiyo maelekezo hayo kwa kawaida ni ya rili za chuma. Jiko la mkaa halifai: joto halipimiki, upande mmoja unaungua wakati mwingine bado una maji, ile hali laini ya juu ya waya inaharibika, na moshi wake kwenye chumba kilichofungwa unaua. Kabati la balbu linazuia unyevu kuingia. Kuutoa ulioshaingia ndani ya unga halina uwezo huo, kwa hiyo usilitegemee kama tiba.

Waya ulioloweshwa na maji yenyewe, kwa paa kuvuja au mafuriko, haukaushwi. Unatupwa.

Koili yenye shaka: jaribio la kuvunja

Kata vipande viwili vya bamba la milimita 6, urefu wa sentimita 15. Simamisha kimoja juu ya kingine, uchomelee upande mmoja tu, pasi moja, bila kusimama. Acha ipoe yenyewe. Kisha bana kipande cha chini kwenye jiliwa na ukigonge kile kilichosimama kutoka upande usio na mshono, kianguke kuelekea kwenye mshono, hadi uvunjike. Tazama mdomo wa mvunjiko kwenye mwanga, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Chuma cha kijivu kisicho na vitundu kinakuruhusu kutumia koili hiyo kwenye mageti, madirisha, vitanda na mabanda. Ukiona vitundu vimejipanga kwenye shina la mshono, au mikia mirefu iliyoelekea juu, kata tabaka kadhaa za koili na urudie mara moja. Vikionekana tena, koili hiyo ikauzwe kama chuma chakavu. Na hata ikipita, kwenye chasisi, ndoano ya tela au karasha tumia koili ambayo historia yake unaijua tangu pakiti ilipofunguliwa, kwa sababu mvunjiko huu unaonyesha matundu tu na hauwezi kukuonyesha haidrojeni.